Mkia Ndiye Hupima Mlima

"Umeendesha mpaka huku juu, ama ulishuka ukasukuma?"

Kigen aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, daftari dogo juu ya usukani wa baiskeli. Nabwire alikuwa bado anatafuta pumzi. Kifua kilikuwa kinamwaka, jasho limemwingia machoni. Aliangalia nyuma, pale barabara ya udongo ya murram ilipopotelea msituni karibu na kiwanda cha mbao cha zamani.

"Nimeendesha," alisema.

"Mlima wote?"

"Wote. Si mbaya hivyo."

"Kwa hivyo unaupa ngapi?"

"Tatu."

Kigen alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akainamisha kichwa, akaandika tatu, akaizungushia duara, akatia sahihi.

Ukweli ni kwamba kwenye kona ya pili, Kigen alipokuwa ametangulia na hawaonani, Nabwire alishuka. Alisukuma baiskeli kwa dakika kumi na mbili nzima. Mara mbili alisimama akashika nguzo ya ua wa watu, na mara moja alikaa kabisa kwenye nyasi akaongea na Mungu. Alipanda tena baiskeli ilipobaki hatua ishirini tu kufika kileleni, akatokea kwa Kigen akiwa ameketi wima kama mtu aliyezaliwa juu ya kiti hicho.

Kabla hujamhukumu, sikiliza jinsi kikundi chao cha baiskeli kinavyofanya kazi.

Kila safari ndefu hupimwa wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ikapewa namba kutoka moja, iliyo rahisi, mpaka tano, iliyo ngumu kabisa, ili kila mtu ajue kama ataiweza. Mwanzoni walikuwa wanapima kwa simu: kilomita ngapi, mita ngapi za kupanda. Lakini namba za simu zilihitaji mtu wa kuzitafsiri, na nusu ya wanachama walizaliwa juu ya vilima hivi hivi. Ukimwuliza mtu wa Ainabkoi kama kuna mlima mbele, atakujibu "kidogo tu," na atakujibu kwa roho safi, kwa sababu kwake ni kidogo. Watu wakaumia. Ndipo Mzee Jeconia, karani mstaafu aliyeanzisha kikundi, akaweka sheria kwamba mwenye mbio asipime. Apelekwe yule wa mwisho kabisa, yule wanayemwita mkia, na apande peke yake bila kuangaliwa, nahodha akimngoja juu. Atakachosema mkia ndicho kitakachoandikwa.

Nabwire ndiye alikuwa mkia. Alikuwa ametoka Busia, ambako ardhi imenyooka na baiskeli ni kitu cha kupeleka mahindi kusagwa kwa posho mill, gunia likiwa nyuma. Eldoret alikuja kufanya kazi ya ukarani katika duka la mbegu na dawa za mifugo, huku akisomea diploma jioni. Hakuona aibu kuwa mkia. Aliona hata fahari kidogo, kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu wa mwisho ndiye husikilizwa kwanza.

Shida ilikuwa sheria ya pili. Safari ya namba tatu kushuka chini, kila mtu anakaribishwa. Safari ya namba nne na tano ni ya waliomaliza mwaka mmoja kikundini. Nabwire alikuwa na miezi saba.

Na safari hii ilikuwa inapita Kaptagat na Kipkabus hadi Ainabkoi, chakula cha mchana kikiwa nyumbani kwa kina Kigen.

Walikuwa wamependana polepole, jinsi watu hupendana wakiwa nyuma ya wengine: Kigen nahodha alikuwa anarudi kila mara kuangalia mkia uko wapi, na siku moja akaacha kurudi mbele. Mwezi uliopita alikuwa amemwambia, "Nataka mama akuone. Sio kama mtu wa kikundi." Kisha, kwa kuwa hajui kuficha kitu, akaongeza kwamba mama yake ana wasiwasi. Anasema wasichana wa huko chini hawawezi baridi yao na milima yao, wakiletwa wanakaa msimu mmoja wanarudi kwao.

Kwa hivyo Nabwire hakutaka kwenda Ainabkoi kwa gari. Alitaka mama huyo amwone akiingia langoni kwa miguu yake mwenyewe, juu ya baiskeli, na kikundi kizima. Akisema nne, anabaki Eldoret. Akisema tatu, anaenda. Alijiambia ni namba moja tu, na hakuna atakayeumia isipokuwa yeye.

Tangazo liliwekwa kwenye WhatsApp ya kikundi jioni hiyo hiyo. Siku iliyofuata, akiwa kazini anapanga pakiti za mbegu za kabeji, ujumbe uliingia kwenye simu.

"Nabwire mwanangu, nimeona safari ya Ainabkoi ni tatu na ni wewe umepima. Kama wewe umeweza na mimi nitaweza. Nimejiandikisha. Ni mimi Mama Nakhumicha."

Mama Nakhumicha aliuza mboga sokoni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na ugonjwa wa sukari, na aliingia kikundini baada ya daktari kumwambia atafute zoezi. Safari ngumu hakuwa amewahi kuijaribu.

Nabwire aliandika, "Mama, ngoja kwanza." Akafuta. Akaandika, "Mama, huo mlima si." Akafuta. Mteja akaja kuuliza dawa ya kupe. Mteja alipoondoka, akaandika, "Sawa Mama. Tutaenda pole pole." Akatuma.

*

Jumamosi ya safari walikuwa watu kumi na tisa. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba, ile inayoingia kwenye vidole, na ukungu uliwasindikiza mpaka Kaptagat. Mama Nakhumicha alivaa sweta mbili na alikuwa na furaha kama mtu anayepelekwa harusini. Njia nzima aliongea na Nabwire kuhusu bei ya sukuma wiki na majirani wake, na Nabwire aliitikia bila kusikia.

Walifika chini ya mlima wa kiwanda cha mbao saa tano. Wale wenye mbio walipotea mbele. Kwenye kona ya kwanza Nabwire alisema, "Mama, tushuke hapa tusukume."

"Tushuke kwa nini?"

"Tupumzike tu."

"Si ulisema ni tatu?" Mama Nakhumicha alihema. "Tatu mimi nimeshawahi fanya. Ile tatu ya kwenda Sugoi nilimaliza. Wacha nijitahidi."

"Mama, tafadhali, shuka."

"Hapana, mwanangu. Ni huu mwili unanidanganya. Ukiusikiliza utalala kitandani maisha yako yote."

Akaendelea kukanyaga. Kwenye kona ya pili, pale pale Nabwire alipokaa kwenye nyasi wiki mbili nyuma, mguu wa Mama Nakhumicha ulikakamaa. Baiskeli ikayumba. Akaanguka upande wa kulia, mkono ukitangulia.

Nabwire alitupa baiskeli yake akamkimbilia. Hakukuwa na damu, lakini kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba, na Mama Nakhumicha alikuwa analia kimya kimya, kama watu wazima wanavyolia.

"Inauma sana, Mama?"

"Si mkono," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuamini nimepona. Kumbe hata tatu siwezi. Mwili wangu umeisha, Nabwire."

*

Pikapu ya jirani wa kina Kigen iliwabeba mpaka kwao. Hivyo ndivyo Nabwire alivyoingia lango alilokuwa ameota kuliingia: nyuma ya pikapu, kati ya baiskeli mbili na mikebe ya maziwa, akiwa ameshika mkono wa mama wa watu.

Dada yake Kigen, Chepngetich, ambaye ni muuguzi, aliupapasa mkono, akaufunga, akasema haujavunjika, umeteguka. Wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi na sahani za wali na nyama, lakini hakuna aliyekuwa anakula kwa raha. Jepchumba, katibu wa kikundi, msichana mwenye mbio kuliko wanaume wengi na mdomo wenye mbio kuliko miguu, aliweka sahani yake chini.

"Nahodha," alisema. "Ule mlima ni tatu?"

"Iliandikwa tatu," alijibu Kigen.

"Sijauliza iliandikwa nini. Mimi huo mlima nimeupanda nikiona nyota mchana. Nauliza kama ni tatu, ama kuna mtu alikuwa anatafuta njia ya kuingia kwa boma hili."

Vichwa vilimgeukia Nabwire. Kutoka kwenye kiti chake, Mama Nakhumicha aliinua mkono mzima.

"Msimlaumu msichana. Yeye aliupanda akaumaliza. Ni mimi sina nguvu."

Maneno hayo ya kumtetea ndiyo yaliyomchoma Nabwire kuliko ya Jepchumba. Mama yake Kigen alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa lala ya mursik, kitambaa kichwani, macho matulivu kama ya mwanawe. Nabwire alikuwa hata hajamsalimia vizuri.

Alisimama.

"Sikuupanda," alisema. "Nilishuka kona ya pili nikasukuma. Nilisukuma karibu mlima wote, na mahali pengine nilikaa chini. Nikamwambia Kigen nimeendesha. Ningesema kweli ingekuwa nne au tano, na mimi nisingekuja. Nilitaka kuja." Akamgeukia mwenye mkono uliofungwa. "Mama Nakhumicha, mwili wako haujaisha. Nilikudanganya. Pole."

Alimtafuta Kigen kwa macho. Kigen alikuwa anaangalia nyasi kati ya viatu vyake, na hakuinua uso.

Aliyesema ni mama yake Kigen.

"Mlima wa kiwanda?" aliuliza. "Mimi nikitoka Kipkabus nampumzisha punda pale mara tatu. Nani aliwaambia watu waupande na baiskeli?"

Wawili watatu walicheka. Mama alishuka ngazi, akamimina mursik kwenye kikombe, akampa Nabwire. "Kunywa. Umesema mwenyewe, hukungoja ushikwe." Ilikuwa ni huruma, au ni adabu tu ya mtu mwenye wageni. Nabwire hakuweza kujua.

Alirudi Eldoret kwa gari pamoja na Mama Nakhumicha. Kigen hakuja kuwaaga.

*

Jumapili Nabwire alimwandikia: "Kigen, pole. Najua nimekuaibisha mbele ya watu na nyumbani kwenu." Alama mbili zikageuka bluu: amesoma. Jibu halikuja.

Jumanne: "Hata kama ni kunitukana, niandikie." Bluu. Kimya.

Alhamisi alienda mtaa wa Langas kumwona Mama Nakhumicha, akiwa amebeba maziwa na moyo mzito. Alitarajia mlango ufungwe. Mama alimfungulia kwa mkono wa kushoto, akamwonyesha sufuria ya sukuma wiki na kisu.

"Nikatie hiyo. Umeniharibia mkono, basi kuwa mkono wangu."

Nabwire alikata sukuma wiki. Alipojaribu kuomba msamaha tena, Mama alimkatiza.

"Unajua ni nini kiliniuma? Kati ya pale mlimani na pale kwa kina Kigen, nilijizika. Nilipanga hata nani atachukua meza yangu ya soko. Halafu ukasimama ukasema. Nikajiambia, kumbe ulikuwa ni mlima, si mimi!" Alicheka mpaka akashika mkono uliofungwa. "Ungenyamaza, ningeendelea kufa."

"Kigen haongei na mimi."

"Hayo ni yake na Mungu wake. Wewe namba yako bado iko pale imeandikwa tatu. Mtu mwingine atapita. Nenda uitoe."

Wiki ya pili ilipoisha, Nabwire alipiga simu badala ya kuandika. Kigen alichukua baada ya mlio wa kwanza, jambo ambalo hakulitarajia.

"Nataka kuupima tena," alisema. "Sheria inataka nahodha awe juu. Huhitaji kuniongelesha. Ungoje tu juu."

"Jumamosi," alisema Kigen. "Saa moja asubuhi."

*

Waliendesha mpaka Kipkabus karibu bila neno. Chini ya mlima Kigen alitangulia, kama sheria inavyosema. Safari hii Nabwire hakujitafutia heshima. Miguu ilipokataa, alishuka. Ilipokubali, alipanda. Alihesabu kila mahali alipoweka mguu chini, na alipofika juu alifika akisukuma, mchana kweupe, Kigen akimwangalia.

"Nimeshuka mara saba," alisema. "Nimesukuma zaidi ya nusu. Nimekaa chini mara moja. Ni tano."

Kigen alikuwa na daftari lakini hakuandika.

"Andika," alisema Nabwire.

"Ngoja. Kuna kitu sijakuambia." Alifunga daftari. "Siku ile ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ulipofika hapa viatu vyako vilikuwa na matope mpaka kwa kamba. Mtu akiendesha, matope humrukia mgongoni. Hayaingii kwa kamba za viatu."

Nabwire alimtazama.

"Uliona."

"Niliona."

"Na ukaandika tatu."

"Nilitaka uje kwetu."

Nabwire aliegemeza baiskeli kwenye ua, akaenda akakaa kwenye gogo mbali kidogo. Hakuwa amejua kwamba mtu anaweza kupata nafuu na hasira kwa wakati mmoja.

"Nilisimama peke yangu, Kigen. Mama yako akiwa pale. Na wewe ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa nao."

"Wiki mbili nimejiita mwongo. Nilikuwa nadhani umenikasirikia."

"Kila nikishika simu nilikuwa naona aibu. Nikasema nitapiga kesho. Kesho ikawa wiki." Hakujaribu kusogea karibu. "Mama aliniuliza siku ile mlipoondoka kwa nini uso wangu ulikuwa chini, na mkosaji ni msichana. Sikumjibu. Alisema msichana wa Busia ameweza mlima ambao mimi umenishinda."

Nabwire hakutabasamu, lakini kitu ndani yake kililegea. "Kikundi hakijui."

"Kitajua sasa."

Alitoa simu, akaandika kwa muda mrefu, vidole vikiwa vizito kwa baridi. Kisha akamletea asome kabla ya kutuma.

"Hamjambo wote. Mlima wa kiwanda cha mbao umepimwa upya leo na Nabwire. Ni TANO. Siku ya kwanza niliona dalili kwamba alisukuma, nikaandika tatu nikijua, kwa sababu ya mapenzi. Mama Nakhumicha, naomba msamaha. Kama hamtaki niendelee kuwa nahodha nitaelewa. Kigen."

Nabwire alisoma mara mbili, akamrudishia.

"Toa hapo umeandika mapenzi."

"Lakini ndiyo sababu."

"Mapenzi hayakushika kalamu. Tulishika sisi."

Kigen alifuta maneno hayo manne. Akatuma. Dakika chache baadaye simu ililia. Alikuwa Jepchumba: "Asante kwa kusema. Mambo ya unahodha tutaongea mkutano wa Jumatano, usidhani nimesahau. Mama Nakhumicha anasema mkirudi mmletee kabeji za Ainabkoi, za sokoni zimepanda bei."

Hapo ndipo Nabwire alipocheka. Kigen alikaa kwenye gogo, upande wake wa pili, akiacha nafasi katikati ya kutosha mtu mmoja. Mbele yao mashamba ya ngano yalikuwa yanateremka mpaka macho yanapochoka.

"Nikuulize kitu?" alisema Kigen. "Ungeweza kuishi hapa? Kwetu?"

Zamani, yaani wiki nne tu zilizopita, Nabwire angejibu kabla swali halijaisha. Sasa alilifikiria.

"Hapana," alisema. "Baridi hii siiwezi, na kazi yangu naipenda. Kuja kuwaona, nitakuja. Kuishi, hapana."

"Na mama? Unamwogopa?"

"Sana."

Kigen alianza kutabasamu, tabasamu likakua likamshinda.

"Nimekuambia siwezi kwenu na namwogopa mama yako," alisema Nabwire. "Umefurahia nini?"

"Kwamba umeniambia. Kuna swali lingine nimekaa nalo tangu Machi, na nilikuwa naogopa ungenijibu ndiyo ili nisiumie. Sasa naweza kuuliza."

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

Nabwire alifikiria Busia, na jinsi baba yake atakavyosema kuhusu mkwe wa milimani. Alifikiria diploma yake iliyobaki mihula miwili. Alifikiria mwanamume huyu aliyenyamaza alipopaswa kusema, halafu akaja kusema mahali ambapo hakuna aliyekuwa anamlazimisha.

"Ndiyo," alisema. "Lakini si mwaka huu. Mwaka huu namaliza masomo. Na bado nimekasirika, usifikiri imeisha. Labda wiki moja hivi."

"Nitangoja," alisema Kigen. "Vyote viwili, mwaka na wiki."

Akafungua daftari, akakata ile tatu kwa mstari mmoja, akaandika tano pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianze, akampa mkia kalamu atie sahihi yake kwanza.